Bati za Uani: nani hasa amejenga nyumba za Dar es Salaam?

Mama yangu anatunza kaunta buku jekundu ndani ya sanduku la nguo, chini ya kanga zake za kutokea. Kurasa za kulia ni za pango. Kila chumba kina kurasa zake na jina lake: Mbele Kulia, Mbele Kushoto, Kati, Uani. Majina ya wapangaji ameyaandika kwa penseli kwa kuwa wapangaji huja na kuondoka, lakini chumba kimeandikwa kwa wino. Tarehe, kiasi, miezi. Miezi sita. Miezi sita. Miezi mitatu, na pembeni neno "atamalizia". Miezi sita.

Kurasa za kushoto sikuwahi kuzisoma mpaka mwaka huu, nilipokwenda Mbagala kumsaidia kupiga hesabu zake. Huko kushoto ameandika pesa ilikokwenda. Saruji mifuko 20. Nondo. Bati 14, misumari ya bati, fundi Jumapili. Mei 2009, vioo vya madirisha, maana mabomu ya ghala la jeshi yalikuwa yamelipuka Mbagala tarehe 29 Aprili. Nikaanza kulinganisha tarehe za kulia na za kushoto. Kati ya siku pango lilipoingia na siku saruji iliponunuliwa hazikupita siku tatu. Chumba cha Kati kililipiwa Jumatano, Ijumaa tofali zikashushwa. Nyumba niliyoamini miaka yote kuwa ni kiinua mgongo cha marehemu baba, alichopewa alipopunguzwa kiwandani, ilijengwa na baba vyumba viwili tu. Kuanzia cha tatu, waliojenga ni wale waliokuwa wamepanga hivyo viwili.

Sidhani kama nyumba yetu ni ya peke yake. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika Mkoa wa Dar es Salaam, na ile ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Ndani ya miaka kumi wameongezeka watu zaidi ya milioni moja, na wote wamepata pa kulala. Serikali haikuwajengea, isipokuwa wachache. Benki nazo hazikuwajengea, kwani mikopo ya nyumba nchini haijafika hata asilimia 1 ya pato la taifa. Benki inataka hati miliki, inataka hati ya mshahara, na riba yake ni ya tarakimu mbili. Muuza samaki wa soko la Feri hana hati wala mshahara wa kuonyesha, lakini Mbagala, Gongo la Mboto na Kimara kumejaa nyumba zilizojengwa na watu wa namna yake.

Aliyewakopesha ni mpangaji. Anayelipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo analipia mwezi mmoja anaouanza, na mitano inayobaki anamkopesha mwenye nyumba, bila riba na bila dhamana yoyote isipokuwa ufunguo. Deni hilo analipwa kwa kulala, usiku mmoja mmoja.

Chukua nyumba ya vyumba sita, kila chumba shilingi 50,000 kwa mwezi. Wakilipa kila mwezi, mwenye nyumba anapokea 300,000, na fedha hiyo huishia kwenye mchele, ada na dawa za presha. Wakilipa miezi sita kwa pamoja, mkononi kuna 1,800,000 siku moja. Kwa mfuko wa saruji wa shilingi 16,000, hiyo ni zaidi ya mifuko 110. Ni fedha ileile kwa mwaka mzima, lakini laki tatu ya mwezi huliwa, na milioni moja na laki nane hupaua. Ndiyo maana kila jaribio la kuwaambia wenye nyumba wapokee kodi ya mwezi mmoja mmoja linakufa mtaani. Tunaitazama miezi sita kama tamaa, na tamaa imo, lakini ndani yake kuna benki ya ujenzi ambayo hakuna aliyeianzisha rasmi.

Umbo la nyumba yenyewe lilikuwa tayari kwa kazi hiyo tangu zamani. Nyumba ya Kiswahili ya Kariakoo, Ilala, Magomeni na Temeke ina baraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu kila upande, na ua nyuma wenye jiko na choo. Mlango wa kila chumba unafunguka kwenye korido. Hakuna chumba kinachopitia kingine, kwa hiyo familia inaweza kukaa viwili na kupangisha vinne, binti akiolewa wakapangisha vitano, mambo yakiharibika wakajibana kimoja. Nyumba inapumua na hali ya wenyewe. Mwanamke aliyefiwa na mume au kuachwa, asiye na ajira wala shamba mjini, aliweza kuishi kwa vyumba vinne hadi anazikwa.

Siasa iliwahi kuzitazama nyumba hizi kwa jicho kali. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikataza kiongozi wa TANU au wa serikali kumiliki nyumba ya kupangisha, kwa hoja kwamba kuishi kwa pango ni kuishi kwa jasho la mwenzio. Bibi Titi Mohamed, aliyekuwa amewaingiza maelfu ya wanawake wa Dar es Salaam kwenye chama, alipinga sharti hilo na akajiuzulu Kamati Kuu mwaka huohuo. Mwaka 1971 Sheria ya Utwaaji wa Majengo ikachukua majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na maghorofa mengi ya katikati ya jiji yakaenda kwa Msajili wa Majumba, ambaye mwaka 1990 aliunganishwa na Shirika la Nyumba la Taifa. Nyumba za udongo na bati za Uswahilini, nyingi zikiwa chini sana ya kiwango hicho, zilibaki kwa wenyewe. Azimio la Zanzibar la 1991 likawarudishia viongozi ruhusa ya kupangisha. Naiheshimu hoja ya 1967, kwani mpangaji alihitaji kutetewa, na bado anahitaji. Lakini baraza, korido na vyumba sita vilikuwa pensheni ya watu wasio na pensheni, na Bibi Titi aliwajua watu hao kwa majina.

Siku hizi kizazi chetu kinataka kununua badala ya kujenga. Wenye mshahara wanatafuta pagale lililofika kwenye lenta, wanalimalizia, wanapangisha "chumba na sebule" au "masta", yaani chumba chenye choo chake. Nami nilifanya hivyo mwaka 2016, pembezoni mwa jiji. Pagale lilikuwa na vyumba vinne, kuta zimenyooka, msingi mzuri wa mawe. Dalali alikuwa na haraka, muuzaji alikuwa mpole, ofisi ya mtaa ikagonga muhuri na kuchukua asilimia yake ya mauziano kama mitaa mingi ilivyozoea. Tulisaini karatasi mbili mbele ya mashahidi wanne. Nikapaua, nikapiga plasta, nikaweka milango.

Wiki ya pili baada ya mpangaji wa kwanza kuingia, walikuja dada wawili na kaka mmoja wa muuzaji. Walinisalimia vizuri, wakaketi kwenye matofali yaliyobaki, wakanieleza kwamba kiwanja kilikuwa cha marehemu baba yao, na kwamba kaka yao hakuwa msimamizi wa mirathi. Hakuwepo msimamizi kabisa. Hakuna aliyekuwa amekwenda mahakamani. Dada mkubwa hakupandisha sauti hata mara moja, na utulivu wake ndio ulionitisha, kwa sababu nilijua anasema kweli. Tulikaa vikao vinne, viwili kwao na viwili kwa mzee wa mtaa. Nililipa mara ya pili, si kiasi chote, na familia ikafungua mirathi, akateuliwa msimamizi, tukaandikishana upya. Wengine hawapati dada waungwana kama hao. Wanaishia Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, wapangaji wakiwa ndani hawajui kodi wamlipe nani.

Tangu hapo, mtu akiniambia amepata nyumba ya bei nzuri namuuliza kwanza ni ya nani aliyekufa. Jijini hapa kiwanja kinachouzwa rahisi mara nyingi kina kaburi nyuma yake. Kama baba wa muuzaji ndiye aliyekinunua, omba barua ya mahakama ya usimamizi wa mirathi kabla hujaomba kupunguziwa bei. Kama muuzaji ana mke, mke asaini, maana Sheria ya Ndoa ya 1971 hairuhusu nyumba ya familia kuuzwa bila ridhaa ya mwenza. Usikubali kuambiwa kuwa mama yuko kijijini na amekubali kwa simu.

Kisha waulize majirani wa mipaka yote minne, peke yako, bila dalali, ikiwezekana jioni watu wakiwa barazani. Jirani anajua mpaka ulisogezwa lini, na anajua maji yanapita wapi. Masika ya Dar es Salaam, kati ya Machi na Mei, ni mkaguzi asiyehongeka. Kanunue kiwanja mvua inaponyesha. Ukishindwa, tafuta alama ya maji ukutani, ule mstari wa kahawia ambao rangi mpya huuficha kwa mbele lakini huonekana nyuma ya mlango wa choo. Waliokaa bonde la Msimbazi wanakumbuka Desemba 2011 maji yalipofika kwenye mapaa ya Jangwani, na wanakumbuka Desemba 2015 nyumba za bondeni zilipobomolewa.

Barabara nayo ina madai yake. Mwaka 2017 nyumba nyingi za kando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kibaha, zilivunjwa kupisha upanuzi, kwa sababu hifadhi ya barabara hapo ilihesabiwa mita 121.5 kutoka katikati. Wengine walikuwa wameishi hapo miaka mingi na walikuwa wakilipwa pango kila miezi sita kama mama yangu. Umri wa nyumba haukuwa hoja.

Kuhusu karatasi, watu huchanganya mambo. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999 ardhi yote ni ya umma, Rais akiwa mdhamini kwa niaba ya wananchi. Unachonunua ni haki ya kuitumia, pamoja na kilichojengwa juu yake. Hati miliki ndiyo karatasi kubwa, na kiwanja chenye hati unaweza kukifanyia upekuzi kwenye ofisi ya ardhi ukajua kama kina rehani au zuio. Leseni ya makazi ni ya muda, nayo ilitolewa kwa maeneo yasiyopimwa. Hati ya mauziano yenye muhuri wa mtaa inathibitisha kwamba watu fulani walikutana siku fulani. Haithibitishi kwamba aliyeuza alikuwa na cha kuuza. Viwanja vilivyopimwa, kama vile vya mradi wa viwanja 20,000 ulioanza mwaka 2002 huko Bunju, Kibada, Tuangoma na kwingine, ni ghali kwa sababu unanunua na usingizi humohumo.

Je, inalipa? Swali hili huulizwa kila Ijumaa ofisini, na majibu huwa ya kishabiki. Ukinunua nyumba ya milioni 60 ikakuingizia 300,000 kwa mwezi, kwa mwaka ni 3,600,000, sawa na asilimia 6. Bado hujatoa kupaka rangi, kuzibua chemba, na miezi miwili chumba kinapokaa kitupu. Kodi ya zuio ya asilimia 10 kwenye pango nayo ipo, wengi wameisikia na wachache wanailipa. Hati fungani za serikali za muda mrefu zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 12 kwa mwaka katika miaka ya karibuni, na hakuna mtu atakayekupigia simu saa nne usiku kukuambia choo kimejaa. Kwa penseli na karatasi, hati fungani inashinda. Asiyekuwa na mtu wa kumsimamia nyumba, hasa aliye mbali, asijidanganye.

Lakini mama yangu hangeweza kuanza na hati fungani. Alianza na tofali 50 kwa wiki, na hakuna soko la fedha linalopokea tofali 50. Pia kiwanja cha Mbagala kilichokuwa pori wakati tunahamia leo kina daladala mlangoni na duka la dawa ng'ambo, na ongezeko hilo la thamani halimo kwenye ile asilimia 6. Kigamboni ilibadilika namna hiyohiyo daraja lilipofunguliwa Aprili 2016. Kariakoo ndiyo kabisa: familia zenye nyumba za zamani zinatoa kiwanja kwa mjenzi, ghorofa linapanda, wanagawana sakafu. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za jengo ndiyo inayowezesha mtu kumiliki flati moja ghorofa ya tano, na familia nyingi husaini ubia huo bila wakili, jambo ambalo linaniuma kila ninaposikia.

Turudi kwa mpangaji, kwa sababu makala za nyumba huandikwa kana kwamba yeye ni samani. Kijana anayeanza kazi kwa mshahara wa 400,000 anatakiwa awe na miezi sita ya chumba cha 60,000, yaani 360,000, pamoja na mwezi mmoja wa dalali, 60,000 nyingine, na hela ya kuonyeshwa vyumba ambavyo hakuvichukua. Kabla hajanunua godoro ametoa 420,000, zaidi ya mshahara wake wote wa mwezi. Wengi hukopa kwenye vikoba au kwenye simu, kwa riba. Kwa hiyo mkopo anaompa mwenye nyumba bila riba, yeye ameukopa kwa riba. Hapo ndipo uzito wote wa jambo hili unapoangukia, kwa mtu mwenye mabega membamba kuliko wote.

Kuna na kodi ya majengo. Tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye umeme wa LUKU, awali shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na tangu Julai 2023 ni 1,500. Mwenye kodi hiyo ni mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni mpangaji. Kiasi ni kidogo, na kwa kuwa ni kidogo watu wanaona aibu kukidai. Mama alikuwa hajui. Nilipomweleza alinyamaza, akachukua penseli, akapunguza 1,500 kwenye ukurasa wa aliyekuwa ananunua umeme mwezi ule.

Tulikuwa na sheria ya kudhibiti pango, ya mwaka 1984, ikafutwa mwaka 2005, na sijui mtu mtaani kwetu aliyeona tofauti. Sitaki irudi kama ilivyokuwa. Ninachotaka ni mkataba wa karatasi moja, wa Kiswahili, unaosema miezi isizidi mitatu, na unaosema wazi kwamba mpangaji akihama mapema kwa sababu ya msiba, ugonjwa au kupoteza kazi, anarudishiwa miezi asiyolala. Na nataka taasisi za fedha zimkopeshe mwenye nyumba wa vyumba vinne fedha za kupaulia chumba cha tano, zikitazama daftari lake la pango la miaka kumi badala ya hati ya mshahara asiyokuwa nayo. Miezi sita haitaondoka kwa katazo. Itaondoka siku bati zitakapopatikana kwa njia nyingine.

Nilijifunza hilo la kurudisha kwenye lile daftari. Mwaka 2012 chumba cha Uani alikipanga mwalimu, kijana wa Singida, akalipa miezi sita kwa 30,000. Ukurasa wa kushoto unaonyesha fedha yake ilinunua bati za kuezekea jiko na choo siku mbili baadaye. Mwezi wa pili ukiisha akahamishwa kituo. Alikuja kuaga, na kwa heshima akauliza, "Mama mwenye nyumba, ile miezi minne tunafanyaje?" Baba, ambaye bado alikuwa hai, alisema makubaliano ni kwamba pango likishalipwa halirudi, na kwa desturi ya mjini hakukosea. Mama hakubishana naye. Alikwenda kwenye kikoba chake, akakopa, akampa mwalimu 120,000 asubuhi ya safari, na kikoba kikalipwa polepole hadi mwezi ambao miezi sita ya mwalimu ingeisha. Upande wa kushoto, chini ya zile bati, kuna mstari mmoja wa penseli: "Bati za uani ni zake mpaka Agosti."

Sasa mama anapokea kodi kwa simu. Wapangaji wawili kati ya wanne wanalipa kila mwezi, kwa ombi lao, naye amekubali, ingawa majirani wanamwambia anaharibu soko. Wanakaa muda mrefu kuliko wa zamani. Chumba cha saba alichokuwa amepanga kukijenga uani kimebaki msingi, majani yameota kati ya mawe. Nilipofunga daftari niliangalia ukurasa wa kushoto wa mwaka huu. Una mistari miwili: koki ya bomba, na balbu ya korido.